Mama Klara Anayepima Maji ya Mlima Nsonga kwa Wimbo

Jua halijapanda vizuri juu ya Mlima Nsonga, lakini Raheli Msengi amekwisha kupanda. Amejifunga kanga kiunoni, amepiga magoti kwenye ukingo wa tangi dogo la saruji, na mkono wake wa kulia umezama majini hadi begani. Anapapasa chujio la bomba. Anatoa jani, anatoa lingine, kisha anatoa chura mdogo ambaye anamtupa majanini huku akimwambia akatafute kwake.

Akimaliza anaweka debe chini ya bomba la pembeni, anachomoa kizibo cha mti, na maji yanapoanza kugonga bati anaanza kuimba.

Anaimba wimbo wa kanisani, taratibu, bila madoido. Mgeni anaweza kudhani mama huyu ameamka na furaha kuliko wenzake wote wa wilaya ya Iramba. Kumbe yuko kazini. Raheli hana saa, kwa hiyo anapima nguvu ya chemchemi kwa beti za wimbo.

"Mwaka wa kwanza debe hili lilijaa kabla sijamaliza ubeti mmoja," anasema akiufunga tena mdomo wa bomba. "Mwaka jana, mwezi kama huu wa kumi, niliimba wimbo mzima, nikaurudia, nikaanza mwingine. Koo lilikauka, debe bado."

Na leo je? Mwandishi wa makala haya, aliyefika hapo juu akihema vibaya na kuona haya kumwonyesha mama wa watu kwamba anahema, alimwuliza hivyo. Raheli alicheka.

"Subiri wageni waje. Nisije nikasema mimi hivi, wao wakapima wakakuta vingine, ikawa aibu."

Wageni hao ni Katibu Tarafa na Bwana Maji wa wilaya. Wanakuja leo kuamua jambo moja tu. Maji ya Nsonga yakionekana kuwa haba kama mwaka jana, kijiji cha Kinamwiga, chenye kaya zaidi ya mia moja, kitahamishwa na kupelekwa tambarare, upande wa mbuga ya Wembere. Huko kuna ardhi tele, na maji ni ya lambo, bwawa la kuchimbwa la kukusanyia mvua.

Neno hilo, lambo, Raheli analitamka kwa shida.

Alizaliwa na kuolewa kwenye kaya za mbali, mwendo wa nusu siku kutoka hapa, ambako kila ukoo ulikaa peke yake na mifugo yake. Walikunywa maji ya bwawa moja na ng'ombe. Kiangazi kikikolea, waliyachuja kwa kitambaa, wakanywa kilichobaki. Amezaa watoto wanne. Wawili aliwazika huko, wote kwa ugonjwa wa kuhara, wote mwezi huu huu wa kumi ambapo bwawa hubaki tope.

"Sikujua kuwa ni maji," anasema. "Nani angejua? Wote tulikunywa. Nilidhani ni mimi mwenye mkosi."

Mwezi wa nane mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, lori lilikuja kuwahamisha. Raheli alipanda na mimba ya miezi saba, kinu chake na kuku watatu. Hafichi kwamba alilia njia nzima. Mumewe, Simeoni, mtu wa maneno machache na utani mwingi, anasema kuku ndio waliokuwa wakimbembeleza.

Lakini chini ya Mlima Nsonga palikuwa na chemchemi. Serikali ilileta mabomba na saruji, wananchi wakachimba mtaro kwa majembe na sururu kutoka mlimani hadi katikati ya kijiji. Siku koki ilipofunguliwa, Raheli alikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Alikinga maji kwa kiganja, akayatazama, akamwonjesha kidogo kwa ncha ya kidole. Mtoto huyo ni Klara. Wiki ijayo anatimiza miaka miwili, na hajaharisha hata siku moja ya kuogopesha.

"Mimi nikiimba pale juu, Mungu anajua nashukuru nini," anasema mama yake.

Shukrani hizo nusura ziote mbawa, na kosa halikuwa la mtu mmoja.

Walipofika, waliambiwa wajenge haraka kabla ya mvua. Watu wa huku hujenga tembe. Tembe si nyumba ya fito na nyasi. Paa lake ni la udongo, zito, na ili lisimame linahitaji nguzo nene na boriti nyingi zilizopangwa karibu karibu. Kule walikotoka waliacha tembe zenye miti mizuri iliyokauka, lakini nani abebe miti ya zamani kwenda kujengea kijiji kipya? Kila mtu alitaka nguzo zilizonyooka, mpya, ili nyumba yake isionekane ya hovyo wageni wakipita barabarani.

Miti iliyonyooka ilikuwa karibu, mlimani, juu kidogo ya chemchemi.

"Tulikwenda kwa nyimbo," Raheli anakumbuka. "Mimi mwenyewe nilibeba fito na tumbo langu hili. Tuliona tumebarikiwa. Maji hapa, miti hapa, unataka nini tena?"

Miti ilipokwisha, nyasi zilibaki, na ng'ombe wa kijiji kizima wakapandishwa kuzila. Mvua iliyofuata ilishuka mlimani kwa kishindo, nyekundu kama uji wa mtama, ikapita kijijini, ikachimba korongo katikati ya shamba la shule. Watu walifurahi. Waliona mvua ni kubwa.

Kiangazi cha mwaka 1975 kilipoingia, koki ilianza kukohoa.

Mwezi wa tisa wanawake walipanga ndoo tangu alfajiri. Mwezi wa kumi walipanga foleni wakiwa wamekaa chini. Birika la kunyweshea mifugo, ambalo hupata maji baada ya watu kutosheka, lilikauka hadi mijusi wakaota jua ndani yake. Ng'ombe walisimama pale wakilia, na ukisikia ng'ombe mia wakilia kiu, hata chakula hakipiti.

Hapo ndipo alipokuja Bwana Maji, Damiani, kijana mwembamba mwenye pikipiki na kofia ya jua. Wengi walitarajia atasema bomba limeziba. Alipanda mlima, akashuka, akaomba apelekwe kwenye nyumba yoyote ya tembe. Wakampeleka ya Raheli kwa kuwa ilikuwa karibu.

"Alipanda juu ya paa langu," Raheli anasimulia. "Nikasema, huyu kijana ana wazimu au? Akaomba maji kidogo kwenye kata, akayamwaga pale juu. Maji yakateleza, yakashuka kwenye mfereji, yakaanguka nje. Akaniuliza, 'Mama, kwa nini hayaingii ndani?' Nikamwambia, si tumesiliba udongo, tumeupigapiga ukashikana? Akasema, 'Basi na mlima wenu mmeusiliba hivyo hivyo. Kwato za ng'ombe ndizo mikono yenu.'"

Damiani aliwaeleza kuwa chemchemi haina maji yake yenyewe. Maji yake ni mvua ya mwaka uliopita, iliyonyonywa na udongo uliolegezwa na mizizi na kufunikwa na nyasi, ikazama taratibu kwenye nyufa za mawe, ikajificha huko mpaka kiangazi ikatokea. Mlima ukiwa mgumu kama paa, mvua inateleza na kwenda zake, na kiangazi hakina cha kutoa.

"Alisema kwa upole," anasema Raheli. "Hakutuita wajinga. Mpaka leo namwombea."

Wilayani nako waliamua kwa upole, ila kwa uthabiti. Kijiji kilipewa mwaka mmoja. Wachimbe mitaro ya kukinga maji, iliyokatiza mlima kwa ubavu, ili mvua isimame na kuzama. Ng'ombe wasikanyage tena juu ya chemchemi. Kiangazi kijacho, mwishoni kabisa, watakuja kupima. Maji yakitosha, kijiji kitabaki. Yasipotosha, malori yatakuja.

Mkutano wa kijiji ulimchagua Raheli kuwa mlinzi wa chemchemi. Hana mshahara. Kijiji humlimia ekari moja ya mtama, ambayo mwaka huu ilimpa magunia manne. Kazi yake ni kusafisha chujio, kupima maji, kufukuza mifugo, na kuwatoa watu majumbani kwenda kuchimba. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyomkondesha.

Huku Iramba kazi kubwa ya pamoja ina desturi yake. Ukitaka majirani wakulimie au wakujengee, unapika pombe. Watu wanakuja asubuhi na majembe, wanafanya kazi kwa nguvu, na jua likishuka wanakunywa na kuimba. Kazi bila pombe ni kama kumwita mtu mezani ukampa sahani tupu. Na pombe ya kutosha kijiji kizima inataka mapipa ya maji.

"Sasa nipike kwa maji gani?" Raheli anauliza akipiga makofi. "Tunachimba ili tupate maji, na ili tuchimbe tuyamalize maji! Nilikaa na wanawake wenzangu tukacheka mpaka machozi, halafu tukaona hakuna cha kucheka."

Akaanza kupita nyumba kwa nyumba kuomba watu wafanye kazi kavu. Walimsikiliza, wakamkaribisha, wakamwambia watafikiria. Siku ya kwanza walikwenda watu wachache, wengi wao wanawake.

Kizuizi kikubwa kilikuwa kwa mzee Isaka Kitundu, mwenye kundi kubwa kuliko yote kijijini. Mlima ule ndio uliokuwa malisho yake ya kiangazi. Yeye asipokwenda, wenye ng'ombe wengine hawaendi. Raheli alikwenda kwake, akaamkia shikamoo, akakaa chini, akaeleza.

Mzee Isaka, ambaye leo anasimulia kisa hiki mwenyewe bila kujitetea, anasema alipandwa na hasira.

"Nilimwambia, 'Mama Klara, nikiwatoa ng'ombe mlimani watakula nini? Watakula huo wimbo wako?'"

Raheli aliaga. Alirudi nyumbani, akanyamaza siku hiyo, na Simeoni akaanza kuuliza kama kuna msiba. Kesho yake alirudi kwa mzee akiwa na neno jingine. Ng'ombe washuke, alisema, lakini nyasi zitawafuata. Kila mtu atakayepanda mlimani kuchimba hatashuka mikono mitupu. Atashuka na mzigo wa nyasi zilizokatwa kwa mundu, na atauweka mlangoni mwa zizi.

"Nikamwuliza, 'Kila mtu?' Akasema kila mtu, hata Mwenyekiti wa kijiji," anasema mzee Isaka. "Nikacheka. Nilitaka kumwona Mwenyekiti na mzigo wa majani kichwani. Nikamwambia haya, tujaribu."

Mwenyekiti alibeba. Mwandishi amethibitishiwa jambo hilo na watu wengi, kila mmoja kwa furaha yake.

Na mzee Isaka, akiona zizi lake linajaa nyasi kila jioni, roho ilimsuta. Alianza kupeleka vibuyu vya maziwa mgando mlimani kwa wachimbaji. Wenye ng'ombe wengine wakaona haya kubaki nyuma. Basi kazi iliyokosa pombe ikapata maziwa, na watu wakazoea. Walichimba mtaro mmoja, wakapanda kidogo, wakachimba wa pili juu yake, mpaka mvua za mwezi wa kumi na mbili zilipowakuta wakimalizia wa juu kabisa.

Siku ya mvua kubwa ya kwanza Raheli hakukaa nyumbani. Alipanda na gunia kichwani kwenda kutazama.

"Maji yalisimama," anasema, na hapa sauti yake inashuka. "Yalijaa mtaroni yakasimama kimya. Nilizoea kuyaona yanakimbia. Nilikaa nikayaangalia yanapungua polepole, hayaendi popote, yanaingia chini. Nilishukuru, nikalia, mvua ikaniosha machozi hapo hapo."

Korongo la shamba la shule halikuongezeka. Nyasi ziliota upya, na machipukizi yakatokea kwenye visiki vilivyodhaniwa kuwa vimekufa. Raheli huyajua moja moja. Simeoni analalamika kwamba mkewe ameolewa na mlima, na kwamba yeye siku hizi ni mke mdogo. Akishasema hivyo anampa mwandishi kiti, kisha anakwenda kumbembeleza Klara.

Saa nne hivi, pikipiki inasikika bondeni, na nyuma yake Land Rover ya Katibu Tarafa. Kijiji kizima kinapanda mlima. Wazee wanashikwa mikono. Mzee Isaka anapanda na fimbo yake, akipumzika kila penye jiwe na kusingizia kwamba anatazama nyasi.

Damiani anamwamkia Raheli kwa heshima, "Shikamoo mama," kisha anavua saa yake mkononi. Anaweka debe.

"Na wewe imba," anamwambia akitabasamu. "Tupime pamoja. Ila usiimbe kwa haraka ya kunifurahisha."

Raheli anaimba. Mwanzoni anaimba peke yake. Ubeti wa kwanza unakwisha, debe halijafika nusu. Ubeti wa pili wanawake wanamdakia. Watu wamenyoosha shingo. Katikati ya ubeti wa tatu maji yanamwagika ukingoni, na Damiani anainua mkono.

Kelele zinapasuka. Wanawake wanapiga vigelegele, Mwenyekiti anamkumbatia mzee Isaka, na Raheli anakaa chini ghafla, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

Damiani anawaomba watulie. Anasema hawezi kuwadanganya. Mvua ya mwaka huu ilikuwa nzuri, na imesaidia. Mlima hauponi kwa mwaka mmoja. Lakini maji yanatosha watu na mifugo iliyopo, na mitaro imefanya kazi yake. Kwa upande wake, kijiji kibaki.

Katibu Tarafa anakubali. Kinamwiga hakihamishwi. Anawapongeza wananchi, anampongeza Ndugu Raheli kwa jina, watu wanapiga makofi tena. Halafu anakohoa kidogo.

"Kuna jambo lingine," anasema. "Tambarare kule tulikotaka kuwapeleka, kuna kaya ishirini zilizotangulia. Lambo lao limekauka. Tumeagizwa tuwatafutie kijiji chenye maji. Kwa haya niliyoyaona leo, nitawaleta hapa."

Watu wanatazamana. Mwenyekiti anatazama viatu vyake.

"Kwa maji haya haya?" anauliza mzee Isaka. "Bwana Maji amesema yanatosha waliopo. Na hao wakija watajenga kwa nini? Si watapanda humu humu kukata nguzo? Tutarudi kule kule jamani."

Watu wengi wanaitikia kuwa ni kweli. Mwanamke mmoja anasema kwa Kinyiramba neno linalofanya wengine watikise vichwa. Damiani anafunga tena saa yake mkononi bila kupinga, kwa sababu mzee hakukosea. Wote wanamgeukia Raheli. Yeye ndiye mlinzi, na akisema maji hayatoshi, Katibu atalazimika kumsikiliza.

Raheli anasimama, anakung'uta kanga.

"Wana watoto wadogo?" anauliza.

"Wapo," anajibu Katibu. "Wengi."

"Sasa hivi wanakunywa nini?"

"Wanachimba humo humo kwenye tope la lambo."

Raheli anawageukia wanakijiji. Akianza kusema, anasema na wenzake, hasemi na Katibu.

"Sisi tuliletwa hapa, hatukuyakuta maji haya kwa akili zetu. Ndoo zetu tutapunguza. Nguzo wasikate hapa, hata fito moja. Tembe zetu tulizoacha kule, udongo umeanguka lakini miti bado imesimama. Mzee Isaka, una maksai na mkokoteni. Nakuomba. Twende tukaing'oe, tuwajengee kwa miti hiyo. Nyumba zikichelewa, kila mmoja achukue kaya moja nyumbani kwake. Mimi nachukua ya kwanza."

Mzee Isaka anaegemea fimbo yake. Anasema miti ya kule ni mizito, maksai wake wamechoka na kiangazi, na njia ni mbaya. Baadaye anauliza waanze lini.

Katibu Tarafa anatoa kalenda mfukoni, anasema wilayani walikuwa wanafikiria baada ya mavuno, mwezi wa saba mwakani, ili kila kitu kiwe tayari.

"Hapana, Ndugu Katibu," Raheli anasema. "Huu ndio mwezi niliowazika wangu wawili. Waleteni wiki hii."